Mzigo wa Chakula: Habari za Vita vya Mto Salsu



Wahenga wetu walisema, "Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi." Usufi, kama mjuavyo, ni mwepesi sana, hata kanda likijaa tele, mtoto mdogo aweza kulichukua. Basi maana ya methali hii ni kwamba mtu asiyechukua mzigo huuona kuwa mwepesi. Jioni hii nataka kuwasimulia habari za kaizari mmoja wa kale aliyeuona mzigo wa askari wake kuwa ni kanda la usufi, na jinsi kosa hilo lilivyompotezea jeshi kubwa, na baadaye kumpotezea dola na maisha yake.

Mambo haya yalitokea mbali sana na kwetu, upande wa mashariki ya bara la Asia, mpakani mwa Uchina na Korea, mwaka 612 baada ya Kristo, yaani miaka kumi kabla ya Hijra ya Mtume Muhammad. Wachina waliyaandika katika tarehe ya wafalme wa ukoo wa Sui, na Wakorea nao wakayaandika katika kitabu chao cha habari za falme tatu, kilichomalizika mwaka 1145.

Mwenye ramani na aitazame. Ataona rasi ya Korea imejitokeza baharini kuelekea kusini. Zamani hizo rasi hiyo haikuwa nchi moja, bali ilikuwa na falme tatu: Silla, Baekje na Goguryeo. Iliyokuwa kubwa kupita zote ni Goguryeo. Ilishika sehemu ya kaskazini ya rasi, tena ikavuka mto Yalu na kuenea mpaka nchi ya Manchuria, hata ukingo wa mto Liao. Ng'ambo ya mto Liao ndiko ilikoanza nchi ya Wachina. Mji mkuu wa Goguryeo ulikuwa Pyongyang, na hata leo mji wa jina hilo ndio makao makuu ya Korea ya Kaskazini.

Upande wa Uchina, nchi ilikuwa imegawanyika muda wa miaka mingi, mpaka mwaka 589 ukoo wa Sui ulipoiunganisha tena chini ya mtawala mmoja. Kaizari wa kwanza wa ukoo huo alipeleka jeshi Goguryeo mwaka 598, lakini mvua, njaa, maradhi na tufani za baharini zililiharibu kabla halijafanya lolote la maana. Mwanawe, Kaizari Yang, alikalia kiti mwaka 604. Alikuwa mtu mwenye akili na elimu, tena mpenda makuu. Alichimbisha mifereji mirefu ya maji, akajenga majumba ya fahari, na kazi hizo zote zilifanywa kwa mikono ya wakulima walioitwa kwa nguvu.

Mwaka 607 kaizari huyu alikwenda kumzuru mkuu mmoja wa Waturuki wa kaskazini, akamkuta kambini mwake mjumbe wa mfalme wa Goguryeo. Jambo hili lilimtia wasiwasi, kwa kuwa aliogopa majirani hao wawili wasije wakapatana juu yake. Basi akamwambia mjumbe yule arudi kwao akamwambie mfalme wake aje kumsujudia. Mfalme Yeongyang wa Goguryeo hakwenda. Kaizari akaona amevunjiwa heshima, akakata shauri la kupiga vita.

Maandalio yalianza mwaka 611, na hapo ndipo habari ya mzigo inapoanza. Katika pwani ya Shandong iliamriwa ziundwe merikebu 300 kwa haraka. Mafundi walisimamishwa ndani ya maji usiku na mchana, bila ruhusa ya kupumzika, hata miili yao kuanzia kiunoni ikaoza na kuingia mabuu. Katika kila watu kumi walikufa watatu au wanne.

Tena wakakusanywa watu zaidi ya 600,000 wa kusukuma magari madogo ya mkono yenye gurudumu. Kila watu wawili walipewa gari moja lenye vipimo vitatu vya mchele, wakaambiwa waufikishe kwenye bohari za mpakani. Njia ilikuwa ndefu na mbaya, na watu hao hawakupewa posho nyingine. Basi walikula nini? Walikula ule mchele waliokuwa wakiusukuma. Walipofika mwisho wa safari hawakuwa na kitu cha kutoa, nao kwa kuogopa adhabu wakakimbilia misituni. Wengi wakawa wanyang'anyi. Mtu mmoja aliyeitwa Wang Bo, aliyejificha katika milima ya Shandong, alitunga wimbo wa kuwaasa vijana wasiende kufa bure katika nchi ya Liaodong, na waliokwepa kuandikwa askari wakamwendea kwa makundi. Kaizari hakuyajali hayo.

Mwaka 612, mwezi wa kwanza kwa hesabu ya Wachina, jeshi liliondoka karibu na mahali ulipo leo mji wa Beijing. Kitabu cha tarehe kinasema idadi ya askari ilikuwa 1,133,800, na wachukuzi wa vyakula mara mbili ya hao. Wataalamu wengi wa siku hizi wanaona hesabu hiyo imezidishwa. Lakini hapana shaka lilikuwa jeshi kubwa mno. Kila siku kikosi kimoja kiliondoka, na siku arobaini zikapita kabla ya cha mwisho kutoka kambini. Safu yao ilikuwa na urefu wa li 960, na li moja ni kadiri ya theluthi ya maili. Ngoma na mapembe yakasikika njia nzima.

Walipofika mto Liao waliwaona watu wa Goguryeo wamejipanga ng'ambo ya pili. Wachina wakaunda madaraja matatu ya kuelea, wakayasukuma majini. Kumbe yote ni mafupi, yamepungua hatua chache kufika ukingoni. Jemadari mmoja hodari, jina lake Mai Tiezhang, akaruka kutoka ncha ya daraja hata nchi kavu akapigane, akauawa palepale pamoja na wenzake. Ikawa lazima kuyavuta madaraja nyuma na kuyaongeza urefu siku mbili. Ndipo jeshi likavuka, likawashinda waliokuwa ukingoni, likauzingira mji wa Liaodong wenye ngome imara.

Sasa sikilizeni jambo la ajabu. Kaizari alikuwa amewakataza majemadari wake wasifanye neno lolote bila kumwarifu kwanza na kungoja majibu. Tena aliagiza kwamba mji ukitaka kujisalimisha, vita visimame mara moja. Watu wa Liaodong walipoijua desturi hiyo waliitumia vizuri. Kila ukuta ulipokaribia kuanguka, walitangaza kwamba wanajisalimisha. Majemadari wakasimamisha vita, wakapeleka habari kwa kaizari. Majibu yaliporudi, wenye mji walikuwa wamekwisha kutengeneza ukuta, wakaendelea kupigana. Hivyo walifanya zaidi ya mara moja, na kaizari hakutambua kosa liko wapi. Miezi ikapita, mji haukushikwa.

Wakati huohuo merikebu zilikuwa zimefika katika mto unaopita Pyongyang. Mkuu wao, Lai Hu'er, aliwashinda maadui katika pigano la kwanza, akatamani kuuteka mji peke yake bila kulingoja jeshi la nchi kavu. Msaidizi wake akamzuia, asisikie. Akachukua watu 40,000, akaingia ndani ya ukuta wa nje. Mji ulionekana mtupu. Askari wakatawanyika kupora mali; na watu wa Goguryeo waliokuwa wamejificha katika mahekalu matupu wakawatokea ghafula. Katika wale 40,000 waliorudi merikebuni ni elfu chache tu.

Kaizari alipoona Liaodong haishikiki, alitoa vikosi tisa, jumla yao askari 305,000, viende moja kwa moja mpaka Pyongyang, viziache ngome za njiani. Majemadari wakuu walikuwa Yuwen Shu na Yu Zhongwen. Na kwa kuwa magari ya vyakula yasingeweza kupita kati ya ngome za adui, ilitolewa amri kwamba askari wachukue chakula chao wenyewe. Watu na farasi walipewa chakula cha siku 100, juu yake deraya, mikuki, ngao, nguo, vyombo na mahema.

Hapa tufanye hesabu kidogo, hasa ninyi wanafunzi. Tuseme mtu anatosheka na kibaba kimoja cha nafaka kwa siku, kipimo kile cha wazee wetu. Siku 100 ni vibaba 100. Vibaba vinne ni pishi moja. Basi ni pishi 25. Na pishi ya nafaka ina uzito wa ratili sita hivi, hivyo mzigo wote ni ratili 150. Huo ni uzito wa mtu mzima! Mtu ambebe mtu mwenzake mgongoni, naye amevaa deraya, ameshika mkuki, na hema juu yake, apande milima na kuvuka mito, kisha apigane. Mnaona jambo hilo lawezekana?

Askari waliona haliwezekani. Lakini amri nyingine ilitolewa kuwa atakayetupa nafaka atakatwa kichwa. Basi walifanya nini? Mchana walitembea wamejitwika mizigo yao mbele ya macho ya wakubwa. Usiku, kila mmoja ndani ya hema lake, walichimba mashimo wakafukia nafaka, wakasawazisha udongo, wakatandika juu yake na kulala. Kila kambi walipolala, nyuma yao kilibaki chakula ardhini. Amri ikaonekana kuwa imetiiwa. Walipofika katikati ya safari, chakula kilikuwa karibu kwisha.

Katika nchi ya Goguryeo palikuwa na jemadari na waziri mmoja, jina lake Eulji Mundeok. Habari za ukoo wake hazikuandikwa, wala mwaka aliozaliwa, wala mwaka aliokufa. Lakini aliyoyafanya katika mwaka ule mmoja yametosha kulihifadhi jina lake. Huyu alikwenda mwenyewe katika kambi ya Wachina, akisema amekuja kujisalimisha. Kwa kweli alikuja kutazama. Alizitazama nyuso za askari, akaona njaa.

Yu Zhongwen alikuwa na amri ya siri ya kumkamata Eulji Mundeok iwapo atafika. Lakini mkubwa mmoja wa serikali, Liu Shilong, alimzuia, na Eulji Mundeok akaachwa aende. Mara Yu Zhongwen akajuta, akatuma mtu kumwita arudi eti yako maneno yamesalia. Eulji Mundeok hakugeuka nyuma, akavuka mto Yalu akaenda zake.

Hapo majemadari wawili wale wakabishana. Yuwen Shu alisema chakula kimekwisha, heri turudi. Yu Zhongwen akakasirika, akasema watamwonaje kaizari, nao wana jeshi kubwa namna hii wakashindwa na adui mdogo. Maneno yake yakashinda, wakavuka Yalu wakimfuata Eulji Mundeok.

Naye alikuwa amekwisha kupanga shauri lake. Kila walipokutana alipigana kidogo, kisha akakimbia. Katika siku moja tu Wachina walishinda mara saba. Kila ushindi uliwavuta mbele zaidi, na kila hatua ya mbele iliwatenga na bohari zao. Kweli mbio za sakafuni huishia ukingoni. Wakavuka mto Salsu, ambao wataalamu wengi husema ndio mto uitwao leo Chongchon, wakapiga kambi juu ya mlima, maili kumi hivi kutoka Pyongyang. Wakauona mji una ngome ngumu. Na merikebu hazikuwako kuwasaidia.

Ndipo Eulji Mundeok alipomwandikia Yu Zhongwen shairi fupi, la kumsifu kwa maarifa yake na kumshauri atosheke na ushindi alioupata. Kisha akapeleka mjumbe kwa Yuwen Shu kusema, ninyi mkirudi kwenu, mimi nitamleta mfalme wetu mbele ya kaizari. Yuwen Shu alijua kwamba watu wake hawawezi tena kupigana. Alipopata udhuru huo akaushika, akaamuru jeshi lirudi. Walijipanga kwa umbo la mraba, wakatembea huku wakishambuliwa pande zote.

Mwezi wa saba walifika tena mto Salsu. Nusu ya jeshi ilipokuwa imekwisha kuvuka, na nusu ingali nyuma, Eulji Mundeok alilipiga kwa nyuma kwa nguvu zake zote. Jemadari Xin Shixiong aliyelinda mkia wa jeshi akauawa. Vikosi vikavunjika, kila mtu akaokoa nafsi yake. Kitabu kinasema walikimbia li 450 kwa siku moja na usiku mmoja, mpaka mto Yalu. Katika wale 305,000 waliokwenda, waliofika tena Liaodong walikuwa 2,700.

Yapo masimulizi ya watu kwamba Eulji Mundeok aliuziba mto kwa boma, akayaachia maji wakati maadui walipokuwa katikati. Hadithi hiyo yapendeza kusikiliza, lakini haimo katika vitabu vya tarehe vya kale. Wala haihitajiwi. Jeshi lile lilikuwa limeanza kushindwa zamani, usiku ule wa kwanza mtu wa kwanza alipochimba shimo ndani ya hema lake.

Kaizari alighadhibika sana. Aliwafunga majemadari kwa minyororo, akamwua Liu Shilong kwa kumwacha Eulji Mundeok aende. Yu Zhongwen akalaumiwa kuliko wote. Akaugua kwa majonzi kifungoni, akafunguliwa akafa nyumbani kwake. Lakini hatusikii kwamba kaizari alijilaumu mwenyewe kwa ile amri ya siku 100. Mwaka uliofuata, 613, alirudi tena vitani. Safari hii mtu aliyewekwa kusimamia vyakula, Yang Xuangan, ndiye aliyeasi nyuma yake, ikabidi jeshi lirudi mbio. Mwaka 614 akaenda mara ya tatu. Goguryeo nayo ilikuwa imechoka kwa vita, ikaomba suluhu, na kaizari akarudi pasipo kuiteka nchi. Wakati huo Uchina ilikuwa inawaka maasi kila upande. Mwaka 618 kaizari aliuawa na walinzi wake, na aliyewaongoza alikuwa Yuwen Huaji, mtoto wa yule Yuwen Shu aliyefungwa minyororo. Ukoo wa Sui ukakoma, ukaingia ukoo wa Tang.

Wala tusidhani kwamba Goguryeo ilipata amani ya milele. Mwaka 668 ilianguka, iliposhambuliwa na majeshi ya Tang pamoja na ya Silla, ndugu zake wa rasi moja. Lakini jina la Eulji Mundeok halikuanguka pamoja nayo. Katika Seoul, mji mkuu wa Korea ya Kusini, iko njia kubwa iitwayo kwa jina lake, na nishani ya ushujaa wa vita ya nchi hiyo vilevile yaitwa Eulji.

Wasikilizaji wangu, mimi ni mwalimu, na kabla sijaagana nanyi nitaungama jambo moja. Nilipokuwa mwalimu kijana niliwaamuru wanafunzi walete kila mmoja debe tele la maji ya bustani kutoka mtoni, kabla ya kengele ya kwanza. Kila asubuhi madebe yalifika nusu. Niliwakaripia, nikawaita wavivu na wadanganyifu, nikaongeza adhabu. Madebe yakaendelea kufika nusu. Siku moja nilijitwika debe mimi mwenyewe, nikaupanda ule mlima. Nilipofika kati niligeuka huku na huku nione kama yupo anitazamaye. Na nilipoona hapana mtu, nikamwaga nusu.

Tangu siku ile, nisomapo habari za Salsu siwezi kuwacheka wale waliochimba mashimo usiku. Walikuwa wakulima, waliotolewa mashambani mwao, wakatwikwa mzigo ambao mwenye kuuamuru hakupata kuuinua hata mara moja. Wala hapakuwa na mtu wa kumwambia kaizari kwamba jambo hili haliwezekani, maana kusema kulikuwa hatari kuliko kufukia nafaka. Basi ninyi mlio wazee wa nyumba, walimu, wasimamizi wa kazi, na ninyi wanafunzi mtakaokuwa hivyo kesho, mkitaka kujua amri yenu kama ni nzuri, msitazame kama watu wanaitika. Inueni kwanza mzigo wenyewe. Kisha muwape wale wanaouchukua ruhusa ya kusema kwamba ni mzito.

Kwa herini.